Tata Ana Kunguni, Nami Nimeishiwa na Visingizio

Barua ya leo imetoka kwa dada mmoja wa Rongai, nami nimeifupisha kwa sababu nusu nzima alikuwa akijilaumu. Tata yake, dadake mama, anaishi Mutuini, kule Dagoretti, katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyogusana migongo. Ndiye aliyemlea miaka ambayo mamake alifanya kazi mbali. Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, watoto wa dada huyu walienda kulala kwa tata. Walirudi na alama za kuumwa zilizojipanga mstari shingoni na mikononi, na baada ya majuma machache kunguni wakaonekana kwenye kitanda chao. Alilipa watu wa kupuliza dawa, wadudu wakarudi, akalipa tena, mwishowe akatupa godoro. Tangu hapo hajakanyaga Mutuini. Mara mtoto ana homa, mara kazini wamembadilishia zamu, mara mvua imeharibu barabara. Sasa Desemba inabisha hodi, tata anataka ukoo mzima ulale kwake kama zamani, na dada ananiuliza amwambie nini asimvunje moyo.

Mdogo wangu, unadhani hajavunjika? Mama aliyekulea anajua kwamba mtoto hawezi kuwa na homa kila Jumamosi. Amekwisha kujiuliza. Pengine anadhani umepata pesa ukamsahau, au mumeo amekukataza, au yeye mwenyewe alisema neno siku moja likakuchoma. Mtu akinyimwa sababu hujitungia yake, na hiyo ya kujitungia huwa chungu kuliko kunguni wote wa Dagoretti. Kwa hiyo swali lako nimelipindua. La kumwambia lipo, tena ni la kweli. Kazi ni kulisema bila kumvua nguo.

Na huwezi kulisema vizuri ikiwa moyoni bado unaamini kwamba kunguni ni uchafu. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikaliona neno hilo limejificha humo: "ingawa tata si mchafu." Hiyo "ingawa" itoe. Kunguni huvutwa na joto la mwili na hewa tunayoitoa puani tukiwa tumelala, na hayo yapo Karen kama yalivyo Mutuini. Mwaka 2023 jiji la Paris lilishikwa na taharuki ya kunguni kwenye treni na kumbi za sinema, hadi serikali ya Ufaransa ikaitisha vikao juu yao. Ni kweli vitu vikirundikana chumbani mdudu hupata maficho zaidi, lakini aliyemleta si vumbi. Huletwa na mkoba, godoro la mitumba, sofa iliyonunuliwa kando ya barabara, au lile sanduku la bati mtoto wa bweni analorudi nalo na kulisukuma moja kwa moja chini ya kitanda. Tofauti ya Karen na ploti ya Mutuini ni pesa na kuta. Mwenye nyumba yake peke yake akipuliza dawa, amepuliza. Tata akipuliza, kunguni hupita penye ufa au tundu la waya wakahamia kwa jirani, kisha hurudi dawa ikiisha nguvu.

Jambo jingine, huna uhakika kwamba walitoka kwake. Alama za kuumwa zinaweza kuchelewa hata siku 14 kutokea, na wengine hawatoki alama kabisa. Watoto wako walipanda matatu, wakacheza katika vyumba vya watu. Yawezekana ni kwa tata, nami pia nadhani hivyo, lakini usiende kama mwendesha mashtaka.

Basi mpigie simu. Sikusema uandike kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, ambako binamu fulani atajibu kwa kikaragosi cha kucheka na jambo liwe wimbo hadi Pasaka. Mpigie wakati unajua yuko peke yake, umsalimie mpaka salamu ziishe, kisha umwambie hivi au kwa maneno yako: "Tata, kuna jambo nimekuficha na limenikaa vibaya. Agosti watoto walipotoka huko tulipata kunguni nyumbani. Sijui kama ni huko ama ni kwenye matatu, lakini wametusumbua sana na nimebaki na woga. Si wewe ninayekukimbia. Je, na wewe wanakusumbua?"

Hilo swali la mwisho usiliache. Kuna uwezekano mkubwa kwamba naye halali usiku, huwasha taa saa nane akikagua mishono ya godoro, na hajamwambia mtu kwa sababu anaona aibu ileile uliyoiweka kwenye "ingawa" yako. Ukimuuliza, umempa mlango wa kutokea.

Kisha mwende. Ndiyo, nimesema mwende. Kumtembelea tata ni jambo moja na kulala kwake ni jambo jingine, na wewe umeyafunga pamoja mpaka yote mawili yakakushinda. Kunguni haruki, hana mabawa, na haishi mwilini kama chawa. Hula zaidi usiku, mtu akiwa ametulia. Hunyonya dakika chache kisha hurudi mafichoni. Ziara ya mchana ina hatari ndogo kuliko kulala, ukijipanga. Kaa kwenye kiti cha plastiki au stuli, au bora zaidi, ombeni kiti nje uani. Hali ya hewa ya Desemba inaruhusu na mabati mchana yana joto lake. Ile sofa yenye vitambaa vilivyofumwa iheshimu kwa mbali. Mkoba usiuweke kitandani wala sakafuni, utundike, au nenda na simu na nauli tu. Koti liache nyumbani. Mkirudi Rongai, nguo zivuliwe mlangoni, ziingie moja kwa moja katika maji moto au zifungwe kwenye mfuko wa nailoni hadi siku ya kufua. Zinazostahimili maji ya nyuzi 60 zifue hivyo, maana joto la nyuzi 50 kwenda juu likikaa kwa muda huua mdudu na yai lake. Nyingine zipige pasi, ukikazia mishono.

Haya yote yafanye bila mbwembwe. Usiingie kwa watu ukikung'uta kiti.

Watoto wasilale huko kwa sasa. Hapo sina maneno mengi. Kunguni hajathibitishwa kuambukiza binadamu ugonjwa, tofauti na mbu, lakini mtoto anayejikuna mpaka kidonda na kukosa usingizi ameumizwa vya kutosha. Mwambie tata wazi: "Tutakuja asubuhi, tutapika pamoja, jioni turudi. Tukishawamaliza, watoto watakuja walale mpaka uchoke nao."

Sasa, "tukishawamaliza" ni ahadi, na ahadi ina kazi. Mwaka huu, badala ya kila mmoja kumpelekea tata leso na mfuko wa unga, changieni vita dhidi ya kunguni. Nasema vita kwa sababu kupuliza mara moja ni kutupa pesa, na wewe unalijua hilo kwa mfuko wako. Jike hutaga mayai machache kila siku, mamia katika maisha yake. Yai hukaa kama wiki moja hadi siku kumi kabla ya kuanguliwa, na dawa nyingi haziliui. Ndiyo maana anayeijua kazi hii hurudi baada ya wiki mbili hivi, kuwakuta waliozaliwa kabla hawajaanza kutaga. Na usidanganyike kwamba mkikifunga chumba kwa mwezi watakufa njaa. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula.

Siku ya kupuliza isitangulie siku ya kazi ya mikono. Wewe na binamu zako nendeni mapema. Nguo zote, mashuka, mapazia, na vile vitambaa vya sofa (ndiyo, vyote) viingie maji moto. Kitanda kifunguliwe viungo. Chuma na mbao tupu zimwagiwe maji yanayochemka kwenye kona na matundu ya skrubu. Maboksi na nguo zilizopigiliwa ukutani kuzuia baridi ya mabati ndizo nyumba zao kubwa, zitoeni. Nyufa zizibwe. Kitanda kirudishwe mbali kidogo na ukuta, shuka lisiguse sakafu, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye kingo laini, maana kunguni hupanda penye mkwaruzo lakini huteleza kwenye plastiki. Godoro lipate kifuniko cha zipu kisicho na tundu. Kulianika juani ni vizuri, lakini jua la Nairobi peke yake msilitegemee.

Nikiwa hapo kwenye godoro: lile ulilotupa, ulilikata? Godoro zima likiachwa langoni halifiki jaani. Kuna mtu analala juu yake leo.

Kuhusu dawa, nawajua. Yule mchuuzi mwenye kipaza sauti anayeimba panya, mende, kunguni kutoka asubuhi hadi jioni anauza chupa isiyo na jina kwa bei ya chapati mbili, na mkono unaingia mfukoni wenyewe. Msinunue. Humo mwaweza kuwa na dawa ya shambani, na chumba cha tata ndicho jikoni, ndicho sebule, ndicho chumba cha kulala. Dawa halali hapa Kenya hubeba namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu. Itafuteni kwenye lebo, na mpulizaji awaonyeshe kopo kabla hajalichanganya. Vyombo, unga na maji vitoke nje kwanza, watoto wasiwepo, na msirudi ndani kabla ya muda ulioandikwa. Mafuta ya taa ndiyo kabisa msiyaguse. Ploti za mabati zinajua moto.

Mtashangaa dawa iliyomaliza kunguni wa shosho zamani kwa nini leo inawachezesha tu. Kenya yetu iliwahi kuongoza dunia kwa kilimo cha pareto, na dawa nyingi za dukani ni za kiwandani zilizoiga nguvu ya ua lile. Kunguni wamezizoea. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mashariki mwa Tanzania waliripoti mwaka 2002 kwamba katika vijiji vilivyokuwa vimetumia vyandarua vyenye dawa ya jamii hiyo kwa miaka kadhaa, kunguni walikuwa wamekuwa sugu. Watu walikuwa wameshapenda vile vyandarua kwa sababu viliwaondolea kunguni, kisha kunguni wakarudi. Basi mpulizaji akikuahidi pulizo moja na "hutawaona tena maisha," mshukuru, utafute mwingine. Na zile kazi za mikono nilizotaja msizidharau. Maji yanayochemka hayajapata kunguni sugu.

Limebaki la ploti. Tata peke yake hawezi. Inabidi vyumba vya pande zote mbili, na ikiwezekana mstari mzima, vipulizwe siku moja. Hapo ongeeni na keateka, halafu mwenye ploti, kwa heshima na mkiwa zaidi ya mmoja. Majirani wakisikia kuna aliyekubali kusema kwanza, utashangaa wangapi watasema "hata mimi." Mwenye ploti akijifanya haelewi, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba yenye wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero, na maafisa wa afya wa kaunti wana uwezo wa kumtaka aiondoe. Sisemi mwanze na barua. Semeni tu kwamba mnaijua.

Tata akikasirika kwenye simu? Inawezekana. Wazee wetu wengine wataona umewatukana hata ungesema kwa asali. Usibishane, usirudi nyuma ukasema ulikuwa unatania. Mwambie, "Pole tata, sikutaka kukuumiza," ukate simu, umpe siku mbili tatu, umpigie tena umuulize anaendeleaje kama vile ungemuuliza siku zote. Akinyamaza wiki nzima, mtume binamu ambaye tata humsikiliza. Kila ukoo una mmoja. Na akisema njoo tu ulale, hakuna kitu, usiseme uongo tena. "Mchana nitakuja, tata. Kulala bado." Mtoke mapema, saa kumi jioni mkiwa njiani kupitia Karen, kabla msongamano wa Desemba haujawashika.

Nyinyi watatu mlioniandikia kuhusu kunguni nyumbani kwa mama mkwe, yenu nimeyasoma. Haya yote yanawahusu isipokuwa ile simu. Simu hiyo hampigi nyinyi. Anapiga mume, kwa mamake, na wewe uwe jikoni.