Daktari Akimtesa Mnyama Wako, Una Pa Kushtaki

Watu wengi wanajua kwamba daktari wa binadamu akikosea anaweza kushtakiwa. Wachache wanajua kwamba daktari wa mifugo naye ana wa kumwuliza. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Baraza la Veterinari, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Ndilo linalosajili madaktari wenye shahada na kuwaandikisha wataalamu wasaidizi wenye cheti au stashahada, na ndilo linaloweza kumsimamisha mtu au kumfuta kabisa. Pamoja nayo ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayoufanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa la jinai, na udaktari haumkingi mtu na sheria hiyo.

Kwanza tutenganishe bahati mbaya na ukatili. Tiba nyingine huuma, na mnyama anaweza kufa mikononi mwa daktari hodari aliyefanya kila kitu sawasawa. Lakini mbwa anayehasiwa bila ganzi huku wanaume watatu wamemkandamiza chini, huyo anateswa. Vivyo hivyo paka anayepigwa ili atulie, au anayeachwa kizimbani usiku kucha bila maji baada ya upasuaji. Ng'ombe aliyekwamiwa na ndama ni mfano ninaouona mzito zaidi. Mtaalamu makini hunawa, huingiza mkono na kupapasa kujua ndama amekaaje, maana huenda kichwa kimegeukia nyuma. Asiyejali hufunga kamba miguuni mwa ndama na kuwaamuru vijana wavute kwa nguvu zote. Kizazi huchanika, na ng'ombe anaweza kuvuja damu hadi kufa, kisha mwenye mali anaambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Ukishuhudia jambo kama hilo, lizuie papo hapo. Mnyama ni wako na una haki ya kusema basi. Kisha tunza ushahidi siku hiyohiyo: picha na video, risiti, ujumbe wa simu, majina ya waliokuwapo. Chupa ya dawa usiitupe, kwa kuwa lebo yake inaonyesha jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Andika saa, dozi uliyoambiwa na maneno aliyoyasema daktari.

Mnyama akifa, usikimbilie kuzika. Tafuta daktari mwingine aliyesajiliwa aupasue mzoga na kuandika ripoti. Wakati unamsubiri, mzoga uwekwe mahali pa baridi bila kugandishwa, maana kuganda huharibu dalili. Lakini mnyama aliyekufa ghafla na kutoka damu puani, mdomoni au njia ya haja asipasuliwe wala kuguswa. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua watu. Mwite ofisa mifugo mara moja.

Malalamiko yaandikwe kwa Baraza la Veterinari, yakitaja jina la mhusika, mahali, tarehe na mfululizo wa matukio, na nakala za ushahidi ziambatishwe. Ukatili wa wazi uripotiwe polisi pia, na ofisi ya mifugo ya halmashauri ijulishwe. Usitarajie Baraza likulipe ng'ombe wako, kwani kazi yake ni nidhamu ya taaluma. Fidia hudaiwa mahakamani. Nchini Kenya, malalamiko ya taaluma hupelekwa kwenye bodi ya madaktari wa mifugo, KVB, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011.

Usianze kwa kumwanika mtu mtandaoni. Tuhuma usizoweza kuzithibitisha zinaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015.

Najua kinachowanyamazisha wafugaji wengi. Mtaalamu ni mmoja kwa vijiji kadhaa, na ukimshtaki leo, kesho nani atakuja kukuchanjia mifugo? Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana ni heri malalamiko yapitie kwenye ushirika wa wafugaji au kwa mtendaji wa kijiji, wengi wakiweka sahihi. Wanafunzi na wasaidizi wa kliniki nao wanaona mengi kuliko wateja, na ushahidi wao una uzito.

Basi kabla hujamkabidhi mtu mnyama wako, mwombe akuonyeshe cheti chake cha usajili. Akikataa, mtafute mwingine.