Anfield, 26 Mei 1989: Maswali na Majibu

Wasomaji wametaka sharhi ya msimu wa 1988–89 katika Daraja la Kwanza la Uingereza, ambalo zama zile ndilo lililokuwa ligi kuu ya nchi hiyo. Mtaalamu wetu wa kandanda anajibu.

*Yawezekanaje timu mbili zimalize sawasawa, kisha moja iitwe bingwa?*

Arsenal na Liverpool, kila moja katika michezo yake 38, zilishinda mara 22, zikatoka sare mara 10 na kufungwa mara 6, hata zikakutana kwenye pointi 76. Na ukitoa mabao ya kufungwa katika mabao ya kufunga, wapata 37 kila upande, maana Arsenal ilifunga 73 na kufungwa 36, ilhali Liverpool ilifunga 65 na kufungwa 28. Hapo kanuni ikatazama mabao ya kufunga peke yake, na Arsenal ikatwaa ubingwa iliokuwa haijauonja tangu 1971.

Liko jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Hadi msimu wa 1975–76 Waingereza walikuwa wakigawanya mabao ya kufunga kwa ya kufungwa, wala si kutoa. Na kwa hesabu hiyo ya kale Liverpool ingepata 2.32, Arsenal 2.03, na taji lisingetoka Anfield, uwanja wa Liverpool. Ndiyo maana mimi husema kwamba makarani walioibadili hesabu ile wana fungu lao katika ubingwa huu, ingawa hakuna aliyewabeba mabegani.

*Kwa nini mechi ya mwisho ilichezwa usiku wa Ijumaa, baada ya fainali ya Kombe la FA?*

Kwa sababu ya maafa. Tarehe 15 Aprili, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walisongamana hadi kukosa pumzi ndani ya vizimba nyuma ya goli, na waliokufa, pamoja na wale waliofariki baadaye kwa majeraha yao, ni watu 97. Mechi na Arsenal, iliyokuwa ichezwe wiki iliyofuata, ikaahirishwa, ndiyo ikawa ya mwisho. Liverpool iliporudi kwenye ligi tarehe 3 Mei, ilicheza mara nane katika siku 24, ikaifunga Everton katika fainali ya tarehe 20 na kuichapa West Ham 5–1 tarehe 23. Basi anayewashutumu wachezaji wale kwa uzito wa miguu usiku ule, na aitazame kwanza ratiba hiyo kwa insafu. Arsenal waliingia uwanjani wakiwa na mashada ya maua, wakayapeleka kwa watazamaji.

*Arsenal ilihitaji nini?*

Kushinda kwa tofauti ya mabao mawili. Kwa moja, Liverpool ilikuwa bingwa.

*Bao la kwanza lilikuwa halali?*

Nigel Winterburn wa Arsenal alipiga mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, ambao ukiingia wavuni bila kuguswa na mwingine hauhesabiwi. Alan Smith asema aliugusa kwa kichwa. Liverpool wakamzonga mwamuzi, David Hutchinson, naye akaenda kumwuliza mshika kibendera wake, kisha akaamuru mpira uwekwe kati. Mimi sina tashwishi na hukumu yake.

*Na la pili?*

Hapa niruhusiwe kwenda polepole. Steve McMahon wa Liverpool alikwisha kuwainulia wenzake kidole: imebaki dakika moja. John Barnes, aliyeweza kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuulinda pale, akataka kumpita Kevin Richardson, akanyang'anywa. Richardson akaurudisha kwa kipa John Lukic, aliyeudaka kwa mikono, kwani zama zile sheria iliruhusu; Lukic akamrushia Lee Dixon, Dixon akaupiga mrefu hadi kwa Smith, na Smith akamsogezea Michael Thomas aliyekuwa akija mbio. Thomas alipojaribu kumpita Steve Nicol, mpira ulimgonga Nicol ukamrudia mwenyewe. Dakika 90 zilikuwa zimekwisha. Bruce Grobbelaar, kipa wa Zimbabwe, akamtokea. Thomas akangoja, akangoja tena, hata kipa alipoanza kwenda chini, ndipo akaupitisha juu yake.

*Thomas aliishia wapi?*

Mwaka 1991 alihamia Liverpool, na katika fainali ya Kombe la FA ya 1992 akaifungia bao.