Kaka yangu ana saratani ya ubongo: nimsaidieje?

SWALI: Kaka yangu amepasuliwa uvimbe wa ubongo, glioblastoma, na sasa anaanza mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nimsaidieje? Tungependa pia kuchangisha fedha za utafiti.

JIBU: Pole sana, dada. Mionzi kwa kawaida huchukua wiki 6, siku 5 kwa wiki, mara nyingi pamoja na vidonge vya temozolomaidi. Nunua daftari, andika saa ya kila dawa, kichwa kinapouma, anapotapika. Daktari atasoma humo ambayo mgonjwa ameyasahau. Akiwa anatumia dawa ya deksamethasoni, isikatishwe ghafla bila ushauri wa daktari. Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Kikizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Akikufokea, usimwekee kinyongo: uvimbe hubadili hata tabia. Pokezaneni zamu, nawe ulale.

Kuhusu mchango, tenganisheni fungu la matibabu na la utafiti. Chagueni mhazini, someni hesabu mbele ya wachangiaji, na fedha za utafiti zipokewe na taasisi inayotoa risiti. Kuchangia utafiti si bure: ni utafiti uliochapishwa 2005 ulioonyesha kuwa temozolomaidi pamoja na mionzi huongeza maisha. Haba na haba hujaza kibaba.