Programu Nyongeza za Michezo ya Mtandaoni: Namna ya Kuzisakinisha Bila Kupoteza Akaunti

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtumiaji anayecheza michezo ya kuigiza wahusika kupitia intaneti, pamoja na mzazi anayelipia mchezo ambao yeye mwenyewe hauchezi. Tumechagua kufundishia mchezo mmoja, World of Warcraft wa kampuni ya Marekani iitwayo Blizzard Entertainment, uliotolewa Novemba 2004. Nyongeza zake ni nyingi mno, na kanuni zinazozihusu zimeandikwa waziwazi, hivyo mtumiaji anacho kipimo cha kupimia kile anachopewa.

Programu nyongeza ni programu ndogo iliyoandikwa, aghalabu, na mchezaji mwenzako wala si na kampuni. Kazi yake ni kubadilisha namna mchezo unavyoonekana kwenye skrini. Ile iitwayo Bagnon hukusanya mifuko yote ya mhusika ikawa dirisha moja. Deadly Boss Mods humtahadharisha mchezaji kabla adui mkuu hajaachia pigo zito. Details! huhesabu ni nani katika kikundi amemdhuru adui, na kwa kiasi gani. Hesabu hiyo, tuseme kwa wasaa, imevunja urafiki mwingi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomwongezea mhusika nguvu. Humwongezea mchezaji macho tu.

Yamkini msomaji atauliza kuna hasara gani katika jambo la mchezo. Ada ya kucheza nchini Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi, na wapo waliolipa kwa miaka mingi. Zaidi ya hapo, dhahabu ya mchezo ina thamani nje ya mchezo: tangu mwaka 2015 kampuni yenyewe huuza tokeni ambayo mchezaji mmoja huinunua kwa fedha halisi na mwingine huilipia kwa dhahabu ili apate muda wa kucheza. Kwa sababu hiyo, mwizi anayeingia katika akaunti haji kucheza. Huja kumvua mhusika kila alicho nacho, akakiuza kwenye soko la magendo. Na ikiwa nenosiri hilohilo ndilo linalofungua barua pepe yako, hasara haitaishia mchezoni.

Kinga ya kwanza ya mtumiaji imo katika kanuni ambazo kampuni ilizitangaza Machi 2009. Kwa mujibu wa kanuni hizo, nyongeza hutolewa bure. Msimbo wake hauruhusiwi kufichwa. Haipaswi kuonyesha matangazo ya biashara wala kuomba michango ndani ya mchezo. Sisi tunaiona kanuni ya bure kuwa ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa mtu asiyejua kompyuta, kwani haihitaji utaalamu kuitumia. Anayekutaka ulipe ndipo akupe nyongeza, tayari amekiuka masharti, na huna sababu ya kumwamini katika mengine. Mwandishi anaweza kupokea michango kwa hiari kwenye tovuti yake. Hilo ni jambo jingine.

Usichanganye nyongeza na programu zinazocheza badala ya mtu. Programu iliyoitwa Glider iliuzwa kwa fedha na ilimwendesha mhusika huku mwenyewe amelala. Blizzard na kampuni ya MDY iliyoitengeneza zilifikishana mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba kuuza programu iliyokwepa ulinzi wa mchezo kulivunja sheria ya nchi hiyo. Mnunuzi naye huweza kufungiwa akaunti, na fedha alizolipa hazirudi.

Sasa tuje kwenye usakinishaji. Njia nyepesi ni kutumia programu ya kusimamia nyongeza, kama ile ya CurseForge, ambayo tangu mwaka 2020 inamilikiwa na kampuni ya Overwolf. Hata hivyo, tunashauri kila mtumiaji asakinishe walau nyongeza moja kwa mkono, kwa maana anayejua kilichomo ndani ya kifurushi hadanganyiki kwa urahisi.

Funga mchezo kwanza. Pakua faili iliyobanwa, kisha uifungue mahali pa kando, si moja kwa moja ndani ya mchezo, uitazame. Nyongeza halali ina faili za maandishi zinazoishia na .lua, .xml na .toc, na pengine picha na sauti. Ukikuta faili inayoishia na .exe au .bat, usiiguse, futa kifurushi chote. Nyongeza husomwa na mchezo wenyewe, haina haja ya kuendeshwa na kompyuta. (Zipo programu saidizi chache zinazosakinishwa kando na zenye faili ya namna hiyo, lakini hizo ni programu kamili na zipimwe kwa ukali wa programu kamili.)

Ukiridhika, nakili folda ya nyongeza. Fungua folda ya World of Warcraft, ingia _retail_ ikiwa unacheza toleo la sasa, kisha Interface, kisha AddOns, ubandike humo. Matoleo ya kale yana folda zake, na nyongeza ya toleo moja isibandikwe katika jingine. Washa mchezo, na kwenye ukurasa wa kuchagua mhusika bonyeza kitufe cha AddOns uone orodha. Ikiwa nyongeza haimo, mara nyingi kosa ni hili: kufungua faili iliyobanwa kumezaa folda ndani ya folda. Jina la folda iliyo ndani ya AddOns lazima lilingane na jina la faili ya .toc iliyomo. Ondoa folda ya nje, jambo limekwisha.

Kila mchezo unapopata toleo jipya, nyongeza nyingi huonekana zimepitwa na wakati, kwa kuwa faili ya .toc hutaja namba ya toleo ambalo iliandikiwa. Kipo kisanduku cha kuruhusu zilizopitwa na wakati zifanye kazi. Kitumie, lakini makosa yakianza kujitokeza, zima nyongeza zote, kisha uziwashe nusu kwa nusu hadi umpate mkorofi. Mipangilio yako hukaa katika folda iitwayo WTF, jina linalowachekesha wengi. Inakili mahali salama kabla ya kufuta chochote. Na hakuna dhamana kwamba nyongeza uipendayo itadumu. Mwaka 2025 Blizzard ilitangaza kwamba kuanzia toleo la Midnight itazuia nyongeza kutumia sehemu kubwa ya taarifa za mapigano.

Hatari tunazozifahamu zina sura tatu, na hazifanani.

Ya kwanza ni duka bandia. Januari 2014 Blizzard iliwaonya wachezaji kuhusu programu haramu iliyojificha ndani ya nakala bandia ya programu ya Curse. Watu waliandika jina la programu kwenye mtambo wa kutafutia, wakabonyeza kiungo kilichofanana na cha kweli, wakasakinisha. Programu ile iliiba nenosiri pamoja na namba ya uthibitisho ya mara moja, papo hapo mchezaji alipoziandika. Angalia vizuri: waathirika walikuwa na kinga ya pili, nayo haikuwafaa, kwa sababu kompyuta yenyewe ilikwisha kutekwa. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, uihifadhi katika kivinjari, na tangu siku hiyo usiitafute tena.

Ya pili haihitaji upakue kitu. Mwaka 2016 kampuni ya usalama wa kompyuta ya G DATA ilieleza hila ambayo mgeni mwenye maneno matamu humwomba mchezaji abandike mstari mmoja wa amri katika dirisha la mazungumzo, akiahidi zawadi. Mstari ule huwezesha maneno ya mgeni kutekelezwa kama amri katika mchezo wa mwenziwe. Mchezo sasa hutoa onyo kabla ya kukubali amri za namna hiyo. Onyo likitokea nawe huelewi kilichoandikwa, jibu ni hapana, hata kama anayekuomba ni kiongozi wa kikundi chako.

Ya tatu ni tovuti ya kweli kuingiliwa. Juni 2023 nyongeza kadhaa za Minecraft zilizokuwa CurseForge zilitiwa programu haramu ya kuiba manenosiri. Nyongeza za Minecraft ni programu za Java zenye uhuru mkubwa ndani ya kompyuta, ilhali zile za World of Warcraft hufungiwa ndani ya mchezo na haziwezi kufungua faili zako nyingine. Mzazi ambaye watoto wake wanacheza yote mawili aijue tofauti hiyo.

Ukishuku kuwa umeibiwa, tenganisha kompyuta na intaneti. Tumia kifaa kingine, kilicho salama, kubadilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kisha la mchezo. Ukianza na la mchezo, mwizi aliye ndani ya barua pepe yako atalibadilisha tena. Ikiwa kadi ya benki imehifadhiwa katika akaunti, iarifu benki siku hiyohiyo. Kisha safisha kompyuta, ndipo uwasiliane na huduma kwa wateja ya mchezo. Nchini Tanzania, kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usione haya kutoa taarifa polisi. Nenda na stakabadhi za malipo, picha za skrini, na anwani kamili ya tovuti uliyopakua.