Dada, injini mpya nayo imechemsha

Haya mdogo wangu, sogea hapa. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili mkono ukiwa kiunoni.

Unasema IST yako ya mkataba, hiyo unayobebea abiria wa mtandaoni, ilinoki injini. Mama akakukopea kwenye kikoba chake, ukashuka Kariakoo ukanunua injini used ya Japani, fundi wa mtaani akaifunga kwa siku mbili, ukarudi barabarani unapiga honi kama umebeba bibi harusi. Wiki ya tatu, kwenye foleni ya Buguruni, taa nyekundu ya joto ikawaka, moshi mweupe ukatoka nyuma, gari likazima. Muuzaji anasema fundi kaifunga vibaya. Fundi anasema muuzaji kakuuzia mzoga. Wewe umejifungia ndani, simu umezima. Halafu kwenye mstari wa mwisho kabisa, kama mtu anayesema neno akiwa ameshika kitasa cha mlango, unaniambia tajiri mwenye gari hajui kwamba injini ilibadilishwa.

Ai, mdogo wangu. Hapo tutarudi.

Kwanza nikuvue aibu, maana aibu ndiyo inayokufanya uzime simu. Hata mimi dada yako yamenikuta. Nilikuwa na Spacio. Taa iliwaka nikiwa Ubungo, nikajiambia Kimara si hapo tu, nitafika. Nilifika mimi, injini haikufika. Nikanunua nyingine. Kijana wa dukani alikuwa na maneno matamu kama kashata: "Dada, ikisumbua niletee, mimi nipo hapa hapa, nitakwenda wapi?" Nikaona kumdai karatasi ni kumvunjia heshima. Risiti aliyonipa ilikuwa na neno moja tu, "vipuri". Namba ya injini haipo, siku za waranti hazipo. Miezi miwili baadaye injini ya pili ikachemsha, nikamfuata, na kweli alikuwepo pale pale. Ila alikuwa hanikumbuki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi habari nilizipata nikiwa nimesimama juani na begi langu.

Unajua ni nini kiliiua ile ya pili? Kile kile kilichoiua ya kwanza: feni ya rejeta. Mota yake ilikuwa imekufa zamani. Barabara ikiwa nyeupe, upepo unapoza rejeta wenyewe na huoni shida yoyote. Ukiingia kwenye foleni upepo haupo, feni haizunguki, maji yanachemka. Nilinunua injini nikailaza kitanda kimoja na muuaji.

Ndiyo maana nawaambia kila siku, na mnachoka kunisikia: injini ikifa, kabla ya kuuliza bei ya nyingine, uliza hii imekufa kwa nini. Rejeta imeziba? Pampu ya maji inavuja? Thamostati iko wapi? Mafundi wetu wengi wakikuta thamostati imeganda wanaitoa na kuitupa, wanakwambia nchi yenyewe ya joto, ya nini? Basi injini inachelewa kufikia joto lake, kompyuta inadhani bado ni ya baridi, inamimina mafuta, na wewe unalalamika petroli inakwenda wapi. Na ninyi wa Dar mnaojaza rejeta maji ya kisima, maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na hiyo injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi ni aluminiamu, bloku na hedi yake. Chumvi na aluminiamu ni wake wenza, hawakai nyumba moja. Nunua kulanti.

Tena injini ikiwa bado chini, hapo ndipo pa kubadilisha sili ya nyuma ya krenki na pampu ya maji. Ukisema sili utaibadilisha baadaye, baadaye hiyo ina maana gia boksi ishushwe upya na ufundi ulipwe upya. Niliwahi kuokoa hela ya sili moja. Sitaki hata kuhadithia.

Sasa waranti. Tuelewane, waranti ya injini used si bima. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajawahi kuisikia ile injini ikinguruma; imeshushwa kwenye kontena, ikapanguswa, ikapangwa na wenzake. Naye anabahatisha, ndiyo maana anakupa siku za kuhesabu kwa vidole: wiki, wiki mbili, mwezi ukiwa na bahati. Simtetei, ila ukijua naye yuko gizani utajua la kumwuliza. Siku hizo zinaanza lini, siku ya kununua au siku ya kuwasha? Wengi hamuulizi. Injini inalala gereji siku kumi ikisubiri fundi apate gasketi, na waranti inakufa ikiwa bado imefunikwa turubai.

Na inahusu nini hasa? Mara nyingi bloku na hedi, basi. Alternata, stata, koili na sensa zilizokuja zikining'inia ni kama zawadi, zikifa ni zako. Injini ikionekana mbovu utapewa nyingine; fedha hurudishiwi, wala muuzaji hakulipii ufundi, oili au gari la kukuvuta. Ufundi una waranti yake, na hiyo anaitoa fundi. Ulimwuliza? Najua hukumwuliza, kwa sababu ni "kaka" na mnakunywa naye chai. Kaka huyo huyo leo anasema injini ilikuwa mzoga, wakati yeye ndiye aliyeipokea, akaikagua, akaifunga. Kama ilikuwa mzoga mbona hakusema ikiwa chini?

Kuuliza si ujinga. Karatasi moja, hata iliyochanwa kwenye daftari la shule, ingetosha: namba ya injini, tarehe ya kuwashwa, waranti ya siku ngapi na ya kitu gani, ikiharibika inabadilishwa au fedha zinarudi, saini na namba ya simu. Na risiti ya EFD yenye bei uliyolipa kweli. Usione haya kuidai, sheria inamtaka hata mnunuzi adai risiti. Muuzaji akikununia kwa sababu ya karatasi, mshukuru, amekuonyesha mapema namna atakavyokununia injini ikifa.

Wauzaji nao wana ujanja wao wa kujilinda, uujue. Wanachora rangi kwenye boliti za hedi. Ukifungua, rangi inapasuka na waranti imekwisha. Huko Marekani wanaouza injini zilizofufuliwa hubandika kidude kama sarafu kwenye hedi na bloku, chenye kiini kinachoyeyuka injini ikipita nyuzi 120 hivi. Kiini kikiyeyuka hakuna mjadala, umeichemsha mwenyewe. Huku kwetu kidude hicho ni nadra, lakini fundi mzoefu akifungua hedi iliyopinda hahitaji kidude.

Turudi kwako. Nitakwambia neno ambalo hutalipenda. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamutamu ni kulanti inayoungua, na oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapo gasketi ya hedi imekwenda. Swali ni nani aliyeiua. Je, tangu siku ya kwanza ulikuwa unaongeza maji kila asubuhi na chini ya gari hakuna hata tone? Basi kuna uwezekano mkubwa injini ilikuja na ugonjwa wake, na una hoja. Au wiki mbili nzima maji hayakupungua, kisha ghafla likachemsha kwenye foleni? Kaangalie feni, mdogo wangu. Kama feni ni bubu, muuzaji ana haki ya kukukatalia, na hata mimi nikiwa hakimu nitakukatalia huku nikikupa leso.

Lakini usiifungue! Nakuomba kama namwomba mtoto asiguse jiko. Najua yupo mtu hapo mtaani ameshakwambia "tufungue hedi tuone". Ukifungua kabla muuzaji hajaona, umemkabidhi ushindi. Usiliwashe tena kujaribu, kila unapoliwasha unaongeza ugonjwa na kufuta ushahidi. Piga picha ya stiki ya oili, ya mfuniko wa oili kwa ndani, ya namba ya injini, ya rangi kwenye boliti. Mwandikie muuzaji ujumbe wa maneno, usiishie kupiga tu, maana simu ikikatwa hakuna kilichobaki: siku uliyonunua, siku ilipowashwa, kilichotokea, na kwamba hujaifungua na hulitembezi gari. Kisha mlete yeye na fundi mbele ya gari siku moja, saa moja. Wakiwa kila mmoja kwenye simu yake watatupiana mpira mpaka waranti iishe. Wakisimama pamoja mbele ya boneti iliyo wazi, maneno yanapungua yenyewe. Mwite na fundi mwingine asiyemjua yeyote kati yao, apime kompresheni wote wakiona.

Wakigoma kabisa, nenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti ameshapatanisha makubwa kuliko hilo. Ipo Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara. Ipo Mahakama ya Mwanzo, ambako unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Lakini kote huko neno la kwanza utakaloulizwa ni karatasi iko wapi. Ukiwa na ujumbe wa simu na muamala wa malipo, angalau una pa kuanzia. Tafuta vitu hivyo usiku huu kabla hujabadilisha simu.

Na sasa tajiri. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, na injini ile haimo tena ndani ya gari. Mabadiliko hayo yanatakiwa yafike TRA, na anayeyapeleka ni mwenye gari, siyo wewe. Akilipeleka kuuza, au askari akilinganisha namba, atakayeitwa mwizi wa injini ni nani? Najua unaogopa atachukua gari. Huenda akakasirika. Huenda pia akawa na fundi wake, na risiti ya rejeta, na sauti ambayo muuzaji wa Kariakoo ataisikiliza kuliko yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi ni ya gari lisilo lako. Pesa ya mama usiifiche pia. Mama yako anakaa kwenye mkeka wa kikoba na wenzake kila wiki akihesabiwa marejesho, mwambie ukweli ajue asubiri lini.

Washa simu sasa hivi. Anza na tajiri, kisha muuzaji, kisha fundi, kwa mpangilio huo. Na kesho asubuhi kabla ya yote, mwambie fundi wa umeme aiunge ile feni moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa imezimwa. Isipozunguka, niandikie tena, tuanze kuzungumzia namna ya kulipa kikoba.