Cheti cha Daktari na Mlango wa Ajira: Haki za Mtu Mwenye Ulemavu wa Akili

Katika kata ya Kansay, wilayani Karatu, kaya nyingi hutegemea shamba na mifugo. Anayetafuta mshahara huelekea kwenye mashamba ya kahawa, kwenye vitunguu vya Mang'ola, au kwenye hoteli za watalii waendao Ngorongoro. Chukulia mfano wa kijana wa miaka 22 aliyeishia darasa la tatu. Hawezi kusoma, lakini nyumbani hukamua ng'ombe, huchota maji na kufua nguo bila kukumbushwa. Hoteli inatafuta mfuaji, na mwajiri anataka cheti cha afya. Baba anampeleka kituoni, naye mganga anaandika maneno manne: "Ana matatizo ya akili." Usaili umekwisha kabla haujaanza.

Somo hili linaonesha kwa nini maneno hayo ni kosa la kitabibu, na jinsi yanavyoweza kumnyima mtu haki aliyopewa na sheria.

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili

Ulemavu wa akili ni upungufu wa uwezo wa kuelewa, kujifunza na kumudu shughuli za kila siku, unaoanza utotoni wakati ubongo ungali unakua. Sababu zake ni pamoja na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya kichanga isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali, upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito, na hitilafu za kijenetiki kama sindromu ya Down. Ugonjwa wa akili, kama skizofrenia au sonona, ni jambo jingine: unaweza kumpata mtu aliyekuwa na uwezo wa kawaida, tena una tiba. Mtu anaweza kuwa na hali zote mbili, lakini moja si ushahidi wa nyingine.

Walio wengi miongoni mwa wenye ulemavu wa akili wana kiwango chepesi. Hao huweza kujifunza kazi wakifundishwa hatua kwa hatua. Wapo pia wenye ugumu mahususi wa kujifunza, kama disleksia. Akili zao ni za kawaida, ila kusoma huwawia vigumu, na mtihani wa kuandika huwaangusha hata katika kazi isiyohitaji kalamu.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Katazo hilo linamlinda pia anayeomba kazi, na linagusa tangazo la kazi, uteuzi, mshahara na mafunzo. Mwajiri anaruhusiwa kumkataa mtu asiyeweza jambo ambalo ndilo kiini cha kazi yenyewe. Kusoma ni kiini cha kazi ya karani. Si kiini cha kazi ya kufua.

Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoyaelewa, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Alama ya dole gumba peke yake haitimizi wajibu huo. Hata hivyo, kifungu hiki hakimhusu kibarua anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka yafanyike marekebisho yanayofaa mahali pa kazi.

Marekebisho yasiyo na gharama kubwa

Katika usaili, msailiwa aulizwe swali moja kwa wakati mmoja, kwa maneno mepesi, na apewe muda wa kujibu. Ndugu au rafiki aruhusiwe kukaa naye, bila kujibu kwa niaba yake. Bora zaidi, apewe nguo na sabuni, aoneshe anachokiweza. Akiajiriwa, afundishwe kwa vitendo, awekewe picha za hatua za kazi ukutani, na awe na mtu mmoja anayejulikana wa kumwuliza.

Namna ya kuandika cheti

Kwanza, mganga azungumze na kijana mwenyewe, si baba peke yake, na apate ridhaa yake kabla ya kumpa mwajiri taarifa zake. Pili, apime uwezo kulingana na kazi inayoombwa. Tatu, aandike anachoweza mtu huyo na msaada anaohitaji. Kwa mfano: "Anaelewa maelekezo ya mdomo yanayotolewa hatua kwa hatua. Hasomi. Anaweza kufua na kupiga pasi. Anahitaji kufundishwa kwa vitendo." Hatari ya kweli isifichwe. Mwenye kifafa, ambacho mara nyingi huambatana na ulemavu wa akili, aelezwe kazi za kuepuka, kama zile za karibu na moto au mahali pa juu. Maneno kama "taahira" na "hafai kazi" hayana nafasi katika cheti.

Haki ikivunjwa

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi Arusha. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30. Migogoro mingine, ukiwamo ubaguzi katika uteuzi, ina siku 60. Mlalamikaji akionesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kujitetea humhamia mwajiri. Kwa hiyo familia itunze tangazo la kazi, nakala ya cheti na majina ya waliokuwapo kwenye usaili.

Maswali ya kujipima

1. Ulemavu wa akili unatofautianaje na ugonjwa wa akili?
2. Katika kazi ya kuchuma kahawa, ni uwezo upi ulio kiini cha kazi, na upi si kiini?
3. Andika upya cheti cha kijana wa Kansay, kwa sentensi zisizozidi tano, ili mwajiri ajue anachoweza kabla ya kujua asichoweza.