Kemikali Zinazohama kutoka Chomboni

Wilaya ya Lushoto, katika Milima ya Usambara, hustawisha mboga na matunda kwa wingi. Nyanya hunyunyiziwa dawa za kuua wadudu, na dumu tupu la dawa huweza kudhaniwa chombo kizuri cha mafuta ya kula. La hasha! Plastiki hunyonya sehemu ya dawa, na kuosha hakuiondoi yote. Baadaye dawa huhamia katika chakula; joto, mafuta, asidi na muda huzidisha uhamaji huo. Tangu 2019 Shirika la Viwango Tanzania husimamia usalama wa chakula, lakini mkaguzi hafiki kila jikoni. Basi dumu la dawa lisuuzwe mara tatu, litobolewe, lisitumike tena.

Zoezi: Kwa nini achari ya moto isitiwe katika plastiki yoyote ile?